MREJESHO: Kuingia mara moja kwenye programu zote za Tomcat

Niliuliza namna ya kufanya mtumiaji aingie mara moja tu, ilhali programu tatu za wavuti ziko kwenye Tomcat moja (seva ya programu za Java). Sasa inafanya kazi, bila kugusa msimbo wa programu yoyote.

Ndani ya `conf/server.xml`, faili ya mipangilio ya Tomcat, kwenye `Host` (sehemu inayobeba programu za tovuti moja), mstari huu tayari upo ila umefungwa kama maoni. Ufungue:

`<Valve className="org.apache.catalina.authenticator.SingleSignOn" />`

Kisha washa upya seva. Baada ya mtumiaji kuingia, kivinjari kitapokea kuki ya `JSESSIONIDSSO`, tofauti na `JSESSIONID`, kuki ya sesheni ya kila programu.

Kinachokwamisha zaidi ni `Realm`, yaani chanzo cha majina ya watumiaji, manenosiri na majukumu yao. Lazima iwe moja kwa zote, iwekwe kwenye `Engine` (inayobeba `Host` zote) au `Host`. Programu yenye `Realm` yake ndani ya `META-INF/context.xml` itatumia hiyo badala ya ile ya pamoja, kwa hiyo iondoe. Majina ya majukumu kwenye `web.xml` nayo yalingane na yale ya `Realm`, la sivyo mtu ataingia halafu apigwe 403 (hana ruhusa).

Tatizo jingine: ukiingia kupitia HTTPS, kuki hiyo huwekewa alama ya usalama, hivyo programu inayofunguliwa kwa HTTP haitaiona na itadai nenosiri upya. Peleka zote HTTPS tu. Kama zina vikoa vidogo tofauti, ongeza `cookieDomain` kwenye `Valve`.

Kutoka kwenye programu moja kunamtoa mtumiaji kwenye zote. Sesheni ya programu moja ikiisha muda yenyewe, za programu nyingine hubaki hai.