Nchi ikijitoa ICC, ni nini hasa kinachokoma?

Mdadisi:
Wakuu, kila sakata la ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, likiibuka husikika sauti ya "tujitoe tu". Nawauliza mliousoma Mkataba wa Roma ulioiunda: barua ya kujitoa ikishapelekwa, uchunguzi unakufa? Na serikali inaweza kuipeleka bila bunge? Kwangu mahakama hii imewaandama Waafrika mno, ila sitaki tushabikie tusichokijua.

Kifungu127:
Haufi, mkuu. Barua hupelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na kujitoa huanza kutumika mwaka 1 baada ya yeye kuipokea. Katika mwaka huo nchi bado inadaiwa michango, bado inatakiwa kukamata watuhumiwa. Burundi ilitoka rasmi Oktoba 27, 2017. Siku 2 kabla, majaji walikuwa wameshaidhinisha uchunguzi kwa siri. Watu walikuja kujua Novemba. Ufilipino ilitoka Machi 2019, lakini rais wake wa zamani, Rodrigo Duterte, alikamatwa Manila Machi 11, 2025 kwa tuhuma za kipindi ambacho nchi yake ilikuwa mwanachama. Anayetaka kutoka ili afute ya jana anajidanganya.

Msomasheria:
Kuhusu bunge: aliyefunga ndiye afungue, yaani bunge lililoridhia mkataba ndilo liidhinishe kujitoa. Afrika Kusini ilipeleka barua Oktoba 2016 bila idhini ya bunge. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Pretoria ikasema hatua hiyo inavunja katiba, na mwezi uliofuata barua ikaondolewa. Kenya ni kinyume chake: bunge lilipitisha hoja za kujitoa 2010 na 2013, barua haikwenda, nchi ikabaki mwanachama. Tena watu husahau sheria ya ndani. Ile ya Kenya ya 2008 kuhusu uhalifu wa kimataifa haifutiki kwa barua ya kujitoa. Inahitaji mswada wake.

Mizani:
Malalamiko ya Waafrika yana msingi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliipeleka Sudan ICC mwaka 2005 ingawa haikuwa mwanachama, na Libya 2011 vivyo hivyo, huku Marekani, Urusi na China zenye kura ya turufu zikiwa nje ya mkataba. Lakini angalieni: mlango huo haufungwi kwa kujitoa! Na Uganda, Kongo (DRC) na Mali zilipeleka mafaili zenyewe. Njia ya uhakika ni Ibara ya 17 ya mkataba: mshtakini mtuhumiwa kwenu, kwa dhati, na ICC kule Hague haina kesi. Nchi isiyoweza kumfikisha waziri wake kizimbani ikijitoa, inawaacha raia bila pa kukimbilia. Mimi siungi mkono.

Mdadisi:
Asanteni. Na nchi ikibadili mawazo?

Kifungu127:
Kabla ya mwaka kuisha, barua nyingine inatosha; Gambia ilifanya hivyo Februari 2017. Baada ya hapo inajiunga upya, na uhalifu wa kipindi cha katikati unabaki nje, labda serikali itoe tamko maalumu la kuukubali chini ya Ibara ya 12.