Wenye Fuso za wazi njia ya Iringa–Dodoma, nyanya zetu siyo kokoto!

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Wiki hii nimeshusha soko la Majengo, Dodoma, mzigo wa nyanya kutoka Ilula, karibu nusu yake imeishia kuuzwa masalo, yaani zilizopondeka, kwa bei ya kutupa. Mwenye gari alishakula nauli yote kabla hajawasha injini. Nimempigia, ananijibu: "Mama, kazi yangu kusafirisha, nyanya kuoza hainihusu." Sasa inamhusu nani? Kusafirisha ni kufikisha matenga au kufikisha nyanya?

Kwa asiyeijua njia hii: Ilula kuna ubaridi, ukipakia jioni nyanya zinaondoka ngumu kabisa. Ukishapita Iringa na kushuka Nyang'oro unaingia bonde la Mtera, na kule mchana hakukaliki. Ndiyo maana gari la wazi linatakiwa kulivuka lile bonde usiku, alfajiri liwe Majengo, akina mama wa magenge wakiwa bado wanapanga foleni kwa madalali. Nyanya hata ikishachumwa ni kitu hai. Inapumua, inatoa joto lake yenyewe, na ukiiongezea joto la nje inaiva na kulainika haraka. Kila dereva wa njia hii anajua, hakuna anayehitaji kufundishwa.

Sasa sikieni alichofanya huyu. Iringa mjini akasimama kusubiri mzigo wa mtu mwingine hadi usiku mkubwa. Jua likamkuta Mtera. Pale akanunua samaki wake taratibu, akasogea mbele akaongeza magunia ya mkaa, akayapandisha JUU ya matenga yangu! Fufu akaokota abiria, nao wakakaa juu ya turubai. Yote haya kanisimulia utingo wake mwenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na bado watu wanabebwa juu ya mizigo mchana kweupe. Gari likipinduka tutaanza kuulizana.

Turubai nalo ni janga. Wanalifunga likabana matenga pande zote, kisha gari linasimama juani dereva akila. Joto linafungiwa ndani, halina pa kutokea. Wakiliondoa, safu ya juu inababuliwa na jua na upepo unaikausha. Dawa yake siyo gari la jokofu, hatuna hela hiyo na hatujaiomba. Ni vyuma vichache vya kuinua turubai juu ya mzigo, pembeni paachwe wazi upepo upite gari likitembea. Mafundi wa kuchomelea wamejaa Dodoma nzima. Ila kwa nini mwenye gari ahangaike, wakati nauli anapewa hata akileta juisi?

Na lumbesa, jamani. Imekatazwa, lakini huko shambani tenga bado linajazwa hadi linavimba juu, linafungwa kwa nyasi na kamba. Likipangwa jingine juu yake, uzito hauegemei kwenye mbao za tenga, unaegemea kwenye nyanya zenyewe. Hapo ongeza safu ya tatu, ongeza mkaa, ongeza abiria, ongeza rasta, vile vituta vya barabarani. Matenga ya chini yamefika yanavuja maji. Kupangia mbao kati ya safu na safu kungeokoa mengi, nikalisema wakati wa kupakia, makuli wakaniambia nawachelewesha.

Gari limeingia sokoni jua la utosi. Wanunuzi wameshaondoka, dalali anapanga bei anayotaka, na huna ubavu wa kubishana naye kwa sababu nyanya haisubiri kesho. Ushuru nimelipa tenga kwa tenga, lililo zima na lililooza, sawasawa. Mtaji wenyewe ni wa kikoba na siku ya marejesho haisogei.

Ninachodai ni hiki, na nawaomba wafanyabiashara wenzangu tusimame pamoja: nauli nusu wakati wa kupakia, nusu baada ya kushusha, na iandikwe kwenye karatasi saa ya kutoka na saa ya kufika. Akichelewa kwa tamaa zake, akatwe. Gari likiharibika kweli, hilo ni jambo jingine, tutaelewana. Mmoja mmoja hatuwezi, maana ukikataa kulipa yote wanapakia wa jirani yako na mzigo wako unabaki shambani.

Mnaoleta mboga kutoka Gairo, na nyie wa vitunguu vya Mpwapwa, huko mnalipana vipi na wenye magari? Kuna aliyewahi kulipwa fidia hata ya tenga moja? Na kama una Fuso yenye vyuma vya turubai na unakubali nusu-nusu, njoo PM leo hii. Alhamisi kuna mzigo unachumwa.