Je, jina la Hodson libaki katika jeshi la India?

Kila unapozuka mjadala wa masalia ya ukoloni katika jeshi la India, wapo wanaosema rejimenti za kale ziachiwe majina na nembo zake zote, kwani askari huipigania heshima ya kikosi chake. Kwa rejimenti nyingi nakubaliana nao. Kwa Hodson's Horse, rejimenti yenye jina la ofisa Mwingereza, katu.

William Hodson alikiunda kikosi hiki cha wapanda farasi mwaka 1857, Wahindi walipouasi utawala wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyokuwa ikiitawala India. Septemba mwaka huohuo Delhi ikaanguka, naye akamkamata Bahadur Shah Zafar, mfalme mzee wa Wamughal, kwenye kaburi la babu yake wa kale, Humayun. Kesho yake akawakamata wana wawili wa mfalme na mjukuu wake mmoja. Walikuwa wamejisalimisha. Njiani kuelekea mjini akawashusha garini, akaamuru wavue nguo, akawapiga risasi kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna kesi, hakuna hakimu. Lango linalohusishwa na mauaji yale linaitwa Khooni Darwaza hadi leo, yaani Lango la Damu. Vipi jamhuri huru iendelee kumuenzi mtu huyu kwa rejimenti hii, ambayo sasa ni ya vifaru?

Najua nitaulizwa: na Skinner je, ambaye naye ana rejimenti yenye jina lake, Skinner's Horse? James Skinner, baba Mskoti na mama Mrajput, aliwatumikia Wamaratha, watawala wa Kihindi wa wakati ule, kabla ya kuunda kikosi chake cha makoti ya manjano mwaka 1803. Nembo yake ni mikuki iliyopishana, na kaulimbiu ya Kiajemi inayosema mtu akijitahidi Mungu humsaidia. Naye aliipigania Kampuni, hilo silifichi. Lakini hakupata umaarufu kwa kuua mateka. Huyo abaki.

Wanaohofia kwamba ari ya askari itakufa wakumbuke mwaka 1950: India ilipokuwa jamhuri, taji la Uingereza liliondolewa kwenye nembo za jeshi, wakawekwa simba wa Ashoka, mfalme wa kale wa India. Miaka 15 baadaye rejimenti hiihii ya Hodson ilipigana huko Phillora, nchini Pakistani, dhidi ya vifaru vya Pakistani na kushinda. Ushindi ule ni wa Wahindi waliokuwa ndani ya vifaru, Hodson hakuwa na sehemu yoyote. Tena namba yao rasmi, 4 Horse, inatosha kuwa jina.

Anayetaka jina libaki anijibu hili: askari kijana wa Delhi anayejiunga na rejimenti hiyo aambiwe nini kuhusu lile lango?