Nyundo ya mbao ya kuchongea: ninunue ya mpingo au nitengeneze ya miwati?

Mchonga_Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la kuamua kabla wiki haijaisha. Mipini ya patasi zangu inachanuka kwa nyundo ya chuma, kwa hiyo nataka ya mbao. Kuna karakana Iringa inauza ya duara, ya mpingo, kwa 40,000. Shemeji yangu wa Njombe naye ana kipande cha mti wa miwati, atanipa bure nikakikereze hapa Mwanjelwa. Na nyumbani kuna mti wa mlingoti (mkaratusi) ulioangushwa na upepo. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Mnyalu_Kihesa:
Kamwene mkuu. Mambo ya muhimu yote hujayasema. Unachonga nini, kwenye mti gani? Patasi na bobari zako (zile patasi zenye makali ya nusu duara) zina upana gani? Hiyo ya mpingo ina uzito gani? Kipande cha Njombe kilikatwa lini? Bila hayo kila mtu atakutajia mti anaoupenda yeye.

Babu_wa_Tukuyu:
Mpera. Tafuta tawi nene lenye fundo, uchonge kichwa na mpini kwa kipande kimoja, usiwe na kiungo cha kulegea. Fundo likae kichwani, maana pale nyuzi zimepindana na hazipasuki kirahisi. Huku Rungwe mipera haikosekani. Hiyo elfu arobaini weka kwenye bobari.

Dada_Randa:
Shikamoo babu. Mpera nauheshimu, ila tuanze na uzito, mti ufuate. Chukua kichwa cha duara chenye kipenyo cha sentimeta 9 na urefu wa 13. Kikiwa cha mpingo kinakaribia kilo 1. Kikiwa cha mninga ni kama nusu kilo, na ukubwa ni uleule! Kwa maua na herufi, gramu 400 hadi 500 zinatosha kabisa. Kilo 1 ni ya kuondoa mbao nyingi kwa bobari pana, na ukiinyanyua kutwa nzima kiwiko kinauma. Ukitaka ya mpingo iwe nyepesi lazima kichwa kipunguzwe, na hapo unabaki na sehemu ndogo ya kupigia. Miwati na mpera viko katikati ya hiyo miwili, ndiyo maana navipenda.

Kibena_Mbao:
Dada amesema kweli. Mimi niongeze kuhusu kununua, maana hili linaniuma hadi leo. Nilinunua nyundo ya mpingo kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Aliniapia kwamba mti umekauka miaka mingi. Ilikuwa imepakwa vanishi inayong'aa juu na chini, na masika ile ilifanya kazi vizuri sana. Ilipofika Julai, na ule upepo mkavu wa baridi wa Njombe, ufa ukaanzia katikati ya kichwa ukaenda hadi ukingoni. Nikaifunga kwa waya huku nikimpigia simu muuzaji, akawa ananizungusha. Siku moja namalizia malaika kwenye kiti cha kanisani, kipande kikamenyuka kikaruka, kikapiga uso wa malaika. Pua yote ilienda. Kazi ya watu, tena imeshalipiwa! Nikambebea vipande akavione. Moyo wa gogo, kile kitovu cha katikati, ulikuwa palepale ndani ya kichwa. Alikata tawi zima, akalikereza bichi, vanishi ikaficha. Akanijibu kwamba mimi ndiye napiga vibaya. Hela hakurudisha.

Kwa hiyo mkuu wa Uyole, kabla hujatuma hata shilingi, waombe picha ya juu na chini ya kichwa kabla hakijapakwa kitu. Ukiona pete zinazunguka kitovu kilicho katikati, achana nayo.

Babu_wa_Tukuyu:
Pole sana kijana wangu, huo ni wizi. Lakini usiwatishe watu kwa habari ya moyo. Nyundo zangu za mpera zote zina moyo katikati na zinapiga kazi. Shida ni haraka. Siku hiyohiyo ya kukata, paka rangi au nta kwenye ncha zote mbili za gogo, acha gome lake, lifukie kwenye gunia la maranda, uweke darini jua lisilione.

Dada_Randa:
Kwa tawi la mpera sawa, babu. Kwa gogo nene nabaki na Kibena: lipasue mara nne moyo utoke, kichwa upate kwenye robo moja. Na mbao ya kukaushwa kwa hewa sisi huihesabia mwaka kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo kama miwati ya shemeji ni mbichi, si ya wiki hii. Huo mlingoti peleka jikoni. Mti ule unakua na mvutano ndani, ukikatwa unajipasua wenyewe kuanzia kwenye ncha, na nyuzi zake mara nyingi zimejisokota.

Seremala_Mafinga:
Mbona wote mmeng'ang'ania duara? Ya pembe nne unaitengeneza bila mashine ya kukereza. Tundu la mpini liwe pana zaidi juu, mpini uingie kwa juu kama wa sururu, kila ukipiga unazidi kukaza. Ukipenda kabari, ikatize nyuzi za kichwa. Ikilala sambamba nazo itakipasua.

Mnyalu_Kihesa:
Hiyo ni ya kutobolea matundu ya fremu, mkuu. Mchongaji anageuza bobari kila pigo, macho yako kwenye ncha. Ya duara inapiga popote ilipogeukia, na unaizungusha mkononi ili isiliwe upande mmoja.

Seremala_Mafinga:
Nimechonga milango kwa ya pembe nne na wateja wameridhika.

Fundi_Vigae:
Nyundo ya mpira je? Ipo kila duka la vifaa.

Dada_Randa:
Inadunda, kaka. Nguvu inakurudia mkononi badala ya kwenda kwenye ncha ya patasi. Kwa vigae ni sawa.

Mchonga_Uyole:
Asanteni sana. Nachonga paneli za mlango, mninga. Bobari zangu ni za milimita 10 hadi 25. Karakana wamesema nyundo ni "nzito ya kutosha", picha hawajatuma. Miwati nitamuuliza shemeji.

Mnyalu_Kihesa:
"Nzito ya kutosha" si uzito, waweke kwenye mizani. Na uliza mpingo wameutoa wapi. Ule unavunwa kwa kibali, TFS (wakala wa serikali wa misitu) hawana mchezo. Tena tangu 2017 jamii yake yote iko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Seremala_Mafinga:
CITES ni ya kuvusha mpaka wa nchi. Nyundo ya Iringa kwenda Mbeya inahusikaje?

Mnyalu_Kihesa:
Kibali cha kuvuna kinahusika. Miti ile inakua polepole mno, tusiimalizie kwenye nyundo wakati miwati imejaa Njombe.

Kibena_Mbao:
Kwenye hilo naungana nawe. Mchonga, hiyo bobari ya milimita 25 ulitengenezewa wapi? Natafuta kama hiyo, za dukani zinapinda.

Mchonga_Uyole:
Mhunzi mmoja, kwa springi ya gari.

Babu_wa_Tukuyu:
Springi ndiyo chuma cha bobari. Wakinga wamejulikana kwa uhunzi tangu enzi za babu zetu, ukienda Makete uliza. Ila mwambie akishaichovya airudishe motoni taratibu mpaka igeuke rangi ya majani makavu, la sivyo ncha itameguka.

Seremala_Mafinga:
Babu, wewe unachovya kwenye maji au mafuta?

Babu_wa_Tukuyu:
Mafuta. Hata oili chafu ya injini inafaa. Maji yanapasua springi.