Makala yangu yanakataliwa eti ni ya roboti. Nirudi darasani?

MamaZuri58 (Nakuru)
Hamjambo wadau. Naomba ushauri, na wale wa "tafuta kazi ya maana" mpite tu.

Ninaandikia kampuni moja ya ng'ambo inayouzia wenye tovuti makala. Nalipwa senti moja ya dola kwa neno, kwa hivyo makala ya maneno 1,000 ni dola 10. Mapema 2024 dola ilipokaribia shilingi 160 nilikuwa naringa hapa Section 58, mwenye ploti hajabisha nishalipa. Baadaye dola ikashuka hadi 129 hivi, senti kwa neno ni ile ile. Hilo nimelimeza.

Lisilomezeka ni hili. Wameleta programu ya kupima kama makala yameandikwa na akili bandia. Mwezi uliopita nilikesha nikiandika jinsi ya kuondoa majani kwenye mifereji ya paa (mimi ambaye mfereji wangu unajaza tangi la maji ya kupikia!). Jibu: roboti asilimia 87, hulipwi. Juzi nikatafuta kichwa kile Google, nikakuta makala yangu kwenye tovuti ya fundi wa paa huko Ohio, neno kwa neno, hadi ule mfano wa ngazi nilioubuni mwenyewe.

Sasa kuna sekondari upande wa Njoro inataka mwalimu wa Kiingereza wa BOM (anaajiriwa na bodi ya shule, si serikali), 12,000 kwa mwezi. Mama anasema angalau hiyo ni kazi ya kuonekana. Mtandaoni mwezi mzuri napata 35,000, mbaya 8,000 sifikishi. Mngekuwa mimi?

JaLolwe (Kisumu)
Pole dada. Hivyo vipimo vinakosea sana. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa cha kwao mwanzoni mwa 2023, kufika Julai wakakiondoa kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walipima insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa za roboti. Sisi tulichapwa tuandike Kiingereza kilichonyooka cha mtihani, na hicho ndicho mashine inakishuku.

Lakini kuikataa kazi kisha kuiuza ni wizi mtupu, usiwatafutie kisingizio. Kuanzia leo andika kwenye Google Docs. Historia yake inaonyesha kila ulichofuta na saa uliyokifuta.

SukariNguru (Kakamega)
Mimi niliwatumia wangu historia hiyo, wakajibu "uamuzi ni wa mwisho". Kwa hivyo usiishie hapo. Soma mkataba: mingi inasema haki zinahamia kwao wakishalipa. Kama hawajalipa, makala bado ni yako. Piga picha za skrini sasa hivi kabla hawajafuta, kisha jaza fomu ya Google ya kulalamikia hakimiliki. Ni bure. Iko kwa ajili ya sheria ya Marekani ya 1998, ile DMCA, na huhitaji kuwa Mmarekani kuitumia.

WaKondele
Kabla ya kushika chaki, mtafute mwalimu aliyetoka hapo umuulize alilipwa lini mara ya mwisho. Pesa ya BOM hufuata karo, na karo hufuata mavuno.

Msemakweli_Bungoma
Kwani lazima achague? Saa tano usiku kwetu, New York ni saa kumi alasiri majira yao ya joto. Mchana afundishe, usiku aandike.

WaKondele
Na alale lini, wewe? Insha za fomu tatu utamsahihishia?

Dili_Safi
Dada njoo inbox. Nina akaunti ya Mmarekani kwenye Upwork, ile tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni, naikodisha 15,000 kwa mwezi. Hutaona mambo ya roboti tena.

JaLolwe (Kisumu)
MamaZuri, huyu mruke. Akaunti ya kukodi ikifungwa, pesa zilizomo zinabaki huko huko, na huwezi kulalamika kwa sababu jina si lako.

MamaZuri58 (Nakuru)
Asanteni sana. Mkataba nimeusoma, kipengele kipo: haki zinahama malipo yakikamilika. Picha nimepiga. Mwalimu aliyetoka ile shule nimempigia simu, akacheka kwanza, halafu akaniuliza kama nina shamba. Kwa hivyo shule tuiweke kando kidogo.

SukariNguru, hiyo fomu inataka jina langu halisi. Kampuni itajua ni mimi?

SukariNguru (Kakamega)
Hesabu kwamba itajua, kwa sababu mwenye tovuti anaweza kutumiwa lalamiko lako na atawauliza waliomuuzia. Una pesa yoyote bado iko kwao?

MamaZuri58 (Nakuru)
Dola 64. Wanalipa tarehe 15.

SukariNguru (Kakamega)
Basi jaza fomu tarehe 16.