Naomba ushauri: dada yangu ameingia kundi la maombi linalonitisha

Wapendwa, nisaidieni. Dada yangu, hapa Kenya, anafuata mchungaji anayefundisha kwamba hospitali na shule ni za shetani. Ameshauza cherehani, na mwanawe wa gredi ya tatu hasomi tena. Jumapili nilimkuta mtoto mkekani, homa kali, midomo imekauka. Mamake anasema tumuombee tu. Nilimbeba hadi zahanati, sasa dada hataki hata kuniona.

Nikikumbuka 2023, miili zaidi ya 400 ilivyofukuliwa msitu wa Shakahola kule Kilifi, watu walioambiwa wafunge hadi kufa, watoto wakiwemo, usingizi unaniruka. Nikienda kwa chifu au ofisi ya watoto, si nitampoteza kabisa? Aliyewahi kumtoa ndugu yake huko alianzia wapi?