Mrejesho: kula samaki ufukweni Mwanza na watoto wadogo

Wadau, niliuliza namna ya kula nje na watoto wa miaka 2 na 4 bila vurugu. Asanteni. Kilichosaidia zaidi ni kupiga simu dakika 40 kabla: sato mzima hukaangwa ukishaagiza, na njaa ya mtoto haina subira. Wadogo waagizieni minofu ya sangara. Sato ana miiba myembamba mbavuni, inayojificha kwenye nyama laini ya tumbo. Hata hiyo minofu ichambueni kwa vidole, maana kidole hugusa mwiba ambao uma umeupita. Pilipili iwekwe kando. Meza iwe mbali na maji na jiko la mkaa. Viti vya watoto? Sahauni, pakateni. Fikeni saa 11 jioni. Ikifika saa 1, mbu wameshaingia zamu.